Simu iliyowika ndani ya mchele: kisa cha dereva wa Malaba

Saa moja asubuhi, kufuli ya pili ya kontena langu la kutengenezea simu bado iko mkononi, nikasikia jogoo anawika ndani ya mfuko wa mchele. Mfuko kaushika tanboi, yaani msaidizi wa dereva, kijana wa miaka ishirini hivi, nyuma yake mzee wa trela na kikoi chake begani, macho mekundu kama mtu aliyekesha, na jogoo anawika, ananyamaza, anawika tena. Kilo mbili nzima za mchele zinawika.

"Fundi, simu ya mzee imekufa," tanboi akasema.

Nikamwambia kilichokufa hakiwiki, lete hapa.

Nianze na huo mchele maana siku hizi ndo dawa ya kwanza ya kila mtu, simu iwe imelowa isilowe. Hii ya mzee haikuguswa na tone la maji, tanboi aliona tu kioo kimekuwa cheusi akakimbia dukani. Simu iliyoganda mchele hauisaidii chochote, na hata ile iliyolowa bado si dawa, Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaambia wateja wao waache kuzika iPhone kwenye mchele maana vumbi lake na vipande vinaingia kwenye matundu. Na kweli kabla sijafanya lolote nilikaa na pini natoa vipande vya mchele kwenye tundu la chaji, mzee ananiangalia kama anayeona daktari anachokonoa sikio.

Mimi niko Malaba upande wa Uganda, kwa asiyepajua hapa maisha ni foleni. Matrela yanatoka Mombasa yanangoja kuvuka, mengine ya Kampala, mengine ya Kigali, mengine yanakata Tororo kwenda Mbale, Soroti, Lira mpaka Elegu ndo yaingie Sudan Kusini. Wateja wangu nusu ni Wateso wa hapahapa, nusu ni madereva, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili, hicho ambacho wenzetu wengine wa Kampala wakikisikia bado wanageuka kuangalia kama kuna askari, maana zamani kilijulikana kama lugha ya jeshi. Mzee huyu ni mtu wa Mombasa, anaenda Juba. Simu yake ni Android ya bei ya chini, nafasi GB 32, RAM GB 2, betri haitoki kwa mkono, kava nene la mpira lenye picha ya trela.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Usiku saa sita aliongea na bosi wake, simu nzima kabisa. Akaichomeka kwenye chaja ya kebini akalala. Saa kumi na moja alfajiri alamu ikawika kama kawaida, akanyoosha mkono aizime, kioo cheusi. Akabonyeza volyumu, haisikii. Akabonyeza pawa, haisikii. Alamu ameiweka ijirudie kila dakika kumi, kwa hiyo tangu saa hiyo jogoo yuko kazini na hakuna wa kumnyamazisha, madereva wa magari ya jirani wameshatukana mpaka wamechoka.

Kabla ya kuja kwangu walipita vibanda viwili vinavyofunguliwa mapema. Cha kwanza wakaambiwa kioo kimekufa, shilingi elfu tisini za Uganda. Cha pili wakaambiwa simu inataka kuflashiwa, yaani kufutwa na kuwekewa programu upya, elfu thelathini, na fundi alikuwa ameshatoa kebo. Siwasemi vibaya wenzangu, wote wawili waliniambia baadaye kwamba walijaribu kwanza kuirestati, na mzee anathibitisha, walishikilia batani kweli, huyu sekunde ishirini, yule mpaka kidole kikawa cheupe. Restati ikakataa ndo wakaenda hatua inayofuata. Mimi pia ningefanya hivo. Ila hapo ndo kisa chote kilipo, na ntarudi.

Kilichomfanya mzee asikubali kuflashiwa si elfu thelathini. Ni picha moja. Safari iliyopita alishusha mzigo Juba, karatasi ya kupokelea ikapigwa muhuri, akaipiga picha, alafu akiwa njiani mvua ikaingia kebini na karatasi ikageuka uji. Ile picha kwenye simu ndo ushahidi pekee kwamba mzigo ulifika, na bosi hajamlipa mileji ya safari hiyo mpaka aione. Hakuituma WhatsApp kwa nini? Nilimuuliza. Akasema "Mwanangu, nilikuwa nangoja bando." Sasa ukiflashi simu namna ile ya kukimbiza, picha imeenda. Na lingekuja la pili, maana tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu ikifutwa kwa nguvu ikiwaka inadai Gmail ile iliyokuwemo mwanzo, na Gmail ya mzee ilifunguliwa na kijana wa duka Eldoret aliyemuuzia simu, paswedi anaijua yule kijana na Mungu. Kwa hiyo angetoka pale na simu iliyosafishwa, haina picha na haifunguki. Hili naliona kila mwezi jamani, watu wanabeba simu zenye Gmail za wauzaji.

Basi. Kitu cha kwanza nilichofanya sikubonyeza batani, niliipigia. Chukua simu nyingine piga namba yake. Ukiambiwa mteja hapatikani, simu yaweza kuwa imezima, betri imeisha kabisa, au mtandao umelala, na hapo unaanza na chaji, unaiacha kwenye chaja unayoiamini nusu saa nzima kabla hujafungua mdomo kusema imekufa. Ikiita, bodi iko hai. Ya mzee iliita kwenye sikio langu, yenyewe kwenye meza kimya, kioo cheusi. Nikaigusa mgongoni, ina joto, lile joto la simu inayofanya kazi, si la kuungua, na mgongo haujavimba (betri iliyovimba usiiminye wala usiipashe, hiyo ni habari nyingine kabisa). Alafu nikaingiza mkono na tochi chini ya kitambaa cheusi nikamulika kioo kwa upande. Kama ni taa ya kioo tu iliyokufa, ukimulika hivo unaona kivuli cha picha kwa mbali, saa, mapambo, kitu. Hapa hakuna kitu. Nikachomeka chaja, simu haikulia, haikutetema. Saa ndani inatembea ndo maana alamu inapiga, mtandao uko ndo maana inaita, lakini sehemu ile inayochora kioo na kusikiliza vidole imekwama. Volyumu kushindwa kunyamazisha jogoo ndo kulinipa moyo zaidi kwamba tatizo ni programu, si kioo, maana kioo kikifa peke yake vitufe bado vinasikia.

Kwa hiyo dawa ni restati ya nguvu, na hiyo wenzangu wameshajaribu ikakataa. Au ndo walivyoona.

Nikavua kava. Hapa nataka mnisikilize kidogo. Kava lile limeumbwa na kitufe chake cha mpira juu ya kitufe cha simu, ukibonyeza unasikia mpira unaingia na unarudi, unaridhika. Chini yake batani ya pawa ya mzee ilikuwa imezama, pembeni kuna ukoko mweusi, jasho na vumbi na nadhani mafuta ya chapati, nilipoiminya kwa ukucha haikutoa ule mlio mdogo wa tik. Volyumu zote mbili tik, tik. Pawa, kimya. Nikaminya tena nimeiweka karibu na sikio. Kimya.

Watu wanne walikuwa wameibonyeza ile simu tangu alfajiri, mzee, tanboi, fundi wa kwanza, fundi wa pili, na simu haikubonyezwa hata mara moja.

Restati haikushindwa. Haikufanyika. Na kwa sababu "imeshindwa" ndo ikafuata hukumu ya elfu tisini na ya kuflashi. Mimi mwenyewe nimeshawahi kubadilisha kioo cha mtu kwa kosa hilihili, nikaweka kioo kipya kikawa cheusi vilevile, nikala hasara yangu kimyakimya, ndo maana siku hizi navua kava kwanza na nasikiliza batani kwa sikio. Restati ya nguvu ikishika kweli utajua, simu inatetema kidogo mkononi au nembo inawaka. Kama hujasikia mtetemo hujarestati, umeshika tu simu kwa nguvu.

Nikachukua spiriti ile ya kusafishia bodi, mswaki wa zamani, tone moja tu pembeni ya batani huku simu imesimama ili isiingie ndani, nikasugua taratibu, nikafuta, tone lingine, nikaibonyezabonyeza kama mara thelathini. Ukoko ulitoka mweusi kama wa sufuria. Kwenye kubonyeza kwa ishirini na kitu ikasema tik. Tanboi akacheka. Nikaiacha dakika tano ikauke. Ingekataa kusafishika ningekuwa na njia mbili, kuiacha ichoke yenyewe mpaka betri iishe, ambapo mzee angesikiliza jogoo mpaka jioni, au kufungua mgongo nichomoe kisoketi cha betri. Kufungua sikupenda, mgongo wa simu hizi una gundi na ukishatoka haurudi vilevile.

Alafu pawa na volyumu ya chini pamoja, nikahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Kwenye tisa ikatetema, jogoo akakatika katikati ya wiko lake, nembo ikawaka. Mzee akasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mama wa chai akageuka.

Kwa nini batani inasikilizwa wakati kila kitu kimeganda? Kwa sababu humwombi Android. Kwenye bodi kuna chipu ya umeme, kazi yake kugawa umeme kwa wengine wote, na yenyewe ndo inayoangalia ile batani. Ikiona imeshikiliwa kwa sekunde zaidi ya kiasi ilichopangiwa, inakata umeme wa prosesa na kuurudisha, Android ipende isipende. Ni kama pale yadi yetu ikijaa matrela mpaka hakuna wa kwenda mbele wala nyuma, kila dereva anamngoja mwenzake, unatoa yote nje ya geti unaanza upya kuyaingiza. RAM ndo hiyo yadi. Mzigo uliomo godauni, yaani picha, namba, meseji, hauguswi, ndo maana restati haifuti kitu. Anayepotea ni yule tu aliyekuwa anashusha mzigo katikati, faili lililokuwa linaandikwa sekunde ileile.

Tatizo la mzee, na hili sikulijua bado, ni kwamba godauni lenyewe lilikuwa limejaa.

Nembo ikawaka. Ikakaa. Dakika moja, mbili. Ikaanza ule mchoro wa kuzunguka. Dakika nne. Nje ejenti wa forodha kampigia tanboi kwenye katochi yake, ile simu ndogo ya batani, anasema foleni inasogea, trela lenu limefunga wengine, nyuma yangu wateja wawili wamefika. Na mimi badala ya kukaa chini nikaona imekwama, nikaishika tena niirestati. Kosa langu, naliandika bila aibu. Simu nilikuwa nimeigeuza kichwa chini, haina kava, dole gumba likaangukia volyumu ya juu badala ya ya chini.

Ikazima, ikawaka na yule roboti wa Android amelala chali na alama nyekundu tumboni.

Mzee akashika kichwa. Nikamwambia tulia, na mimi mwenyewe nikajitahidi kutulia. Pawa na volyumu ya juu kwenye Android nyingi ndo njia ya mlango wa nyuma, rikavari. Si mahali pabaya, ni mahali pa hatari tu. Ukishika pawa ukagusa volyumu ya juu mara moja roboti anaondoka inakuja orodha ya maandishi madogo, unashuka na kupanda kwa volyumu, unachagua kwa pawa. Mstari wa juu kabisa unasema reboot system now, yaani washa upya. Mistari michache chini yake kuna wipe data, yaani futa kila kitu, na huo ndo shimo, ukiuchagua na ukakubali basi picha ya muhuri wa Juba tunaisomea dua. Na kumbuka batani yangu ya kuchagulia ni ileile iliyokuwa na ukoko nusu saa iliyopita, sina uhakika inasikia mara moja au mara mbili. Sikugusa volyumu kabisa. Nikahakikisha rangi iko mstari wa juu, nikaomba tanboi asome kwa sauti, akasoma, nikabonyeza mara moja nikaiweka mezani kama yai.

Safari hii sikuishika. Nikaichomeka chaja, nikaigeuza uso chini ili nisiione, nikahudumia wale wawili. Ilichukua dakika kumi na moja. Kumi na moja! Simu ya kawaida dakika moja, mbili. Lakini simu iliyojaa, yenye RAM GB 2, iliyokatwa umeme mara mbili mfululizo, inaamka kama mtu wa homa, inakagua mafaili yake moja moja. Ile mara ya kwanza niliyoikatisha dakika ya nne, nina hakika ingewaka yenyewe ningeiacha. Kwa simu kama hii sasa nawapa nusu saa kwenye chaja kabla sijasema imekwama kwenye nembo, na muda huo sitaki hata wanisimamie.

Imewaka, na mara hiyohiyo bosi akapiga. Mzee akachukua simu, akaangalia, uso ukabadilika. "Fundi, namba zimefutika!" Kwenye kioo kuna tarakimu tupu, hakuna jina. Tanboi naye akaanza kulalamika, unaona sasa. Ikabidi nicheke. Simu ikitoka kuwaka upya, kabla hujafungua loki mara ya kwanza, vitu vyako bado vimefungwa, hata yenyewe haijui majina yako, kwa hiyo anayepiga anaonekana kwa namba tu na WhatsApp imelala. Ukishafungua majina yanarudi. Nikamwambia pokea, ongea na bosi wako, alafu fungua loki.

Akaweka kidole. Simu ikakataa kidole, ikataka patani, ule mchoro wa kuunganisha nukta.

Baada ya restati alama ya kidole haikubaliwi mara ya kwanza, lazima PIN au patani, iwe Android iwe iPhone. Mzee tangu Idi hajaizima simu ile, miezi na miezi ni kidole tu. Patani? Akaniangalia. Akaangalia tanboi. Akajaribu, ikakataa. Akajaribu, ikakataa. Nikamshika mkono nikamwambia mzee acha, ukikosea mara nyingi itaanza kutuadhibu na dakika za kungoja. Kaa pale, usiangalie simu, fumba macho, ujifanye uko kwenye kebini asubuhi unaifungua. Akakaa kwenye kibao, akafumba macho, kidole chake cha shahada kikaanza kutembea juu ya paja, juu ya kitambaa cha kikoi, kikashuka, kikakata kona, kikapanda kama anaandika herufi N ambayo haikuisha. Mara tatu ileile. "Hiyohiyo," nikamwambia, "iandike hivohivo usifikiri." Akaandika. Ikafunguka. Kichwa kilisahau, kidole hakikusahau.

Kitu cha kwanza, nikaingia kwenye picha nikaitafuta ile ya muhuri, nikaihamisha kwenye laptopu yangu na nikaituma kwa bosi kwa bando langu mwenyewe. Hapo ndo mzee akakaa vizuri akaomba chai.

Sasa kwa nini iliganda? Hapa ndo mafundi wengi tunaachia njiani, simu imewaka, toa elfu kumi, nenda. Nikafungua nafasi. GB 32, zilizobaki ni MB 180. Yaani godauni limejaa mpaka mlangoni. WhatsApp peke yake ilikuwa imekula GB 14, video za ajali za barabarani ambazo madereva wanatumiana kuonyana, mawaidha, ngoma za harusi, video ileile ya trela lililopinduka imeingia kupitia magrupu sita tofauti. Nikaingia kwenye folda ya WhatsApp inayoweka hifadhi ya meseji. WhatsApp kwenye Android kila usiku saa nane inajitengenezea nakala ya meseji zote ndani ya simu, na inaweka za siku kadhaa nyuma. Nakala za siku zilizopita zilikuwa kila moja imejaa vizuri, karibu sawa kwa ukubwa. Ya usiku ule, saa nane, ilikuwa nusu. Imekatika katikati. Saa sita mzee anaongea na bosi simu nzima, saa nane nakala inaanza kuandikwa hakuna pa kuiweka, saa kumi na moja jogoo anawika gizani. Mimi hilo linanitosha.

Kuna kingine kilichosaidia kuibana. Zilikuwemo VPN tatu, zile programu za kufungua mitandao iliyofungwa. Hii ni hadithi ya Uganda, madereva wa Kenya wakivuka hapa wanakuta Facebook haifunguki, imefungwa tangu uchaguzi wa Januari 2021, basi wanawekewa VPN ya bure pale pale getini, wakirudi hawaitoi, safari inayofuata ile haishiki wanawekewa nyingine. Na sisi wenyewe tulishazoea tangu ile kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018, shilingi mia mbili kwa siku, nani hakuwa na VPN. Tatu za bure zote zinataka kuwaka simu ikiwaka, kwenye RAM ya GB 2, nyingine zinaonyesha matangazo zenyewe. Nikaacha moja aliyoichagua.

Usafi wenyewe haukuwa mgumu. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya kusimamia nafasi, inakupangia vilivyozidi MB 5 na vile vilivyosambazwa sana, unafuta kwa mafungu, nikamwonyesha kila fungu kabla sijagusa maana video ya takataka kwangu kwake yaweza kuwa msiba wa jamaa yake. Tukazima ile ya kujipakulia video zenyewe. Zikarudi GB 11. Nikamfungulia Gmail yake, paswedi tukaiandika kwenye karatasi akaiweka kwenye mfuko wa pasipoti, hilo lilichukua muda kuliko vyote. Alafu nikairestati kwa ustaarabu, kwa menyu, mbele yake. Dakika moja na nusu.

Kwa wenye simu nyingine, vidole vinatofautiana. Samsung ni pawa na volyumu ya chini, zipite sekunde saba, nyingi hukubali kufikia kumi. Pixel ya Google ni pawa peke yake mpaka sekunde thelathini, watu huiachilia kwenye kumi wanasema imekataa. iPhone kuanzia 8 kwenda juu si kushikilia vyote pamoja, ni gusa volyumu ya juu uachie, gusa ya chini uachie, alafu shikilia batani ya pembeni mpaka tofaa litokee, na usiachilie inapokuja ile ya kuteleza kuzima. iPhone 7 ni pembeni na volyumu ya chini, za nyuma yake ni pawa na ile ya duara. Xiaomi ikiwa imezima ukibonyeza ya chini na pawa unakutana na fastboot, ukurasa wa mafundi, usiogope, shikilia pawa tena. Na kama pesa ndo zinakuchoma na simu imeganda, mobile money haiko kwenye simu, chomoa laini, iweke kwenye katochi na adapta ya laini, *165# ya MTN au *185# ya Airtel inafanya kazi kama kawaida wakati simu yako iko kwa fundi.

Mzee alilipa elfu kumi, akaongeza elfu mbili za tanboi kwa kutusomea. Nikamwambia batani ile nimeisafisha tu haijapona, akirudi tubadilishe utepe wake, ule wa ndani unaounganisha batani na bodi, na kwa sasa awe anazima kwa menyu kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, hapo hata simu haisumbui. Akaniambia bosi ameshaiona picha na mileji inaingia jioni.

Alirudi baada ya wiki mbili, ametoka Juba, batani imezama tena kama nilivyosema. Utepe elfu ishirini na tano, dakika arobaini. Nafasi iliyobaki ilikuwa GB 9, nilikagua. Nikamuuliza tanboi ule mchele je, akasema waliupika Soroti usiku uleule, ila mzee alikataa kula mpaka achambue sahani nzima, alikuwa anatafuta kipini cha kutolea laini, alidhani kimepotelea humo.